Malori Yaliyolikwepa Daraja la Jelšnica

"Dada, hicho kizibao umevalia harusi au unaongoza magari?"

Brina aligeuka, mkononi ana burek, andazi la jibini. Foleni ya kahawa kwenye kituo cha mafuta cha njia ya Ljubljana ilijaa madereva, na aliyeuliza alikuwa pande la mtu, shati la mirabamiraba, nywele zimejaa unga wa mbao. Kizibao chake Brina kilikuwa cha rangi ya chungwa, kinang'aa hadi kuumiza macho.

"Nimevalia kazi, kaka. Na wewe umeoga lini?"

Madereva wakaangua kicheko. Jamaa akacheka kuwashinda wote, akamlipia kahawa. Aliitwa Gorazd, msafirishaji wa magogo. Haikupita wiki, Brina, mhandisi mzima mwenye akili zake, akawa anairukia simu kila ikilia.

"Kipenzi, leo tena umeshinda chini ya daraja la Jelšnica?"

"Ndiyo kazi. Nimebandika vipimo, kila lori likipita juu napata uzito wake bila kulisimamisha."

"Mh! Si ndiyo mizani ya polisi hiyo?"

"Wala! Namba za gari sichukui, faini hakuna. Nataka kujua malori mazito kuliko yote yakipishana pale katikati siku moja, daraja litahimili au litatuaibisha."

"Na mimi na wewe tukikutana katikati?"

"Kata simu, mpuuzi wewe!" Na simu hakuikata.

Mambo yaliharibika siku ya kuandika ripoti. Kwa vipimo vile, daraja lilikuwa salama kubeba chochote. Lakini Brina akautazama tena mchoro wa uzito wa malori. Malori mepesi yapo, ya wastani yapo, mazito yamekatika ghafla kama mkate uliopitishwa kisu. Njia ya wabeba magogo, bila lori hata moja lililozidisha mzigo? Akampigia Gorazd.

"Wenzako siku hizi wanapita wapi?"

"Njia ya zamani, ya kijijini. Niliwaambia kwenye redio koli kuna mizani chini ya daraja. Mpenzi, sisi tukisikia mizani lazima tuambiane, ndivyo tunavyoishi."

"Nilikwambia si ya polisi!"

"Hilo nililisema... kwa sauti ndogo."

"Ningetia saini kuwa daraja ni salama, Gorazd! Wangerudi wote na mizigo yao, basi la shule likiwa katikati yao. Nilikuamini. Usinipigie tena."

Alilia garini mpaka kope zikavimba. Kisha akamweleza bosi wake ukweli, akaomba vipimo virudiwe. Lakini angerudia vipi, wakati wenye mizigo mizito bado wanalikwepa daraja?

Asubuhi moja alikuwa akinywa kahawa palepale kituoni. Dirisha la lori la jirani lilikuwa wazi, na redio koli ikatoa sauti aliyoijua.

"Wakubwa, Gorazd hapa. Mizani ya Jelšnica haina polisi. Ni ya mwanamke ninayempenda, na nimemharibia kazi. Piteni na mzigo wenu wa kila siku, tujue ukweli. Daraja likionekana limechoka, wa kuzunguka ni mimi wa kwanza. Nani ana mtoto kwenye basi la shule?"

"Mimi, wawili," mmoja akajibu.

"Basi pita, ndugu yangu."

Wakapita. Mchoro ukarefuka upande wa mazito, na Brina akapiga hesabu upya. Akampigia Gorazd kabla ya bosi.

"Limeshindwa. Mazito yote yatazunguka mpaka liimarishwe. Kila safari utachelewa mno. Nisamehe."

Gorazd alishusha pumzi. "Kukukosa wewe kuliniuma zaidi. Huo mzunguko unapita wapi?"

"Vransko. Mbele ya nyumba ya mama."

"Yule anayesema madereva wote wahuni?"

"Huyohuyo."

"Mwambie kesho nasimama pale. Nakuja kukuposa."

"Na hilo lori? Utang'oa uzio wake!"

"Nitamjengea mwingine. Unanikubali, Brina, au hunikubali?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakujali nani anamwona.

"Njoo," alisema. "Ila tela liache barabarani."