Saa Iliyosema Sikukimbia

Kila asubuhi kabla ya shule mimi hukimbia kutoka nyumbani kwetu, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hapa Malawi, hadi barabara ya Dowa na kurudi. Narudi miguu imejaa vumbi, na mama hunionya nisimalize ndoo ya maji. Mama Balagizi, anayeuza maandazi kando ya barabara, akiniona huniita, "Douce, leo umechelewa." Mtaa mzima unanijua. Saa ya mkononi tu ndiyo haikunijua.

Saa hizo klabu yetu ya mbio ilipewa na wafadhili. Ukikimbia inahesabu, halafu inatuma hesabu kwenye simu ya nyumbani, na simu inampelekea kocha Honoré. Waliokimbia sana wangechaguliwa kwenda mashindano Lilongwe. Lilongwe nimefika mara moja tu, tena Old Town, kumbebea mama vitambaa vya kushona. Niliitaka nafasi ile kuliko sare mpya.

Lakini saa ilinichezea. Kila jioni niliisogeza karibu na simu ya mama, ikazunguka, ikazunguka, kisha simu ikaandika kwa Kifaransa: échec, yaani imeshindikana. Nazima, nawasha, échec. Nilitamani kuitupa chooni.

Ijumaa kocha alitukusanya uwanjani, macho kwenye simu yake. "Douce, muda huu wote hukukimbia?"

"Nimekimbia, kocha. Saa haitumi."

"Kila mvivu husema hivyo," akajibu mbele ya wote. "Mashine haina ndugu. Jina lako halimo."

Mvivu, mimi? Nilichemka hadi masikio yakawaka moto.

Njiani Mulenda, mwenzangu wa klabu, akanifuata. "We Douce, niletee hiyo saa. Kaka yangu iko anabeba bantu kwa baiskeli ya kabaza. Ataifunga kwa mguu, apige baiskeli siku yote, halafu tutaiunga na simu yake. Hata mi njo nafanya hivyo."

"Miguu ninayo," nikamwambia. "Mbio nimekimbia mwenyewe. Kwa nini baiskeli inikimbilie?"

Nyumbani nilimkuta mama akishona, nikammwagia yote. Akaacha cherehani. "Nani amekuita mvivu? Si mi njo nakuamshaka kila asubuyi?" Akajifunga kitenge, akachukua simu, tukaenda kwa kocha papo hapo.

Kocha aliigusa simu kidogo, akakunja uso. "Mama Douce, bluetooth imezimwa. Saa haiwezi kutuma."

Mama akainamia simu. "Kale kaalama ka juu? Mi njo nakazimaka. Kanakula moto, na kwa nyumba hatuna courant."

Aliyeishi kwetu atamwelewa. Umeme hatuna, simu tunaichaji dukani, kwa hiyo chochote kinachowaka juu yake, mama hukizima. Hata hivyo nilimkasirikia na yeye kidogo.

Kocha akaiwasha. Saa ikatetemeka mkononi mwangu, na mbio zangu zikaanza kuingia kwenye simu, asubuhi moja baada ya nyingine.

"Soma sasa, kocha," mama akasema. "Soma kwa sauti."

Kesho yake kocha aliacha simu nyumbani, akatukimbiza wote hadi barabarani, yeye mwenyewe akitufuata. Mulenda, ambaye jina lake lilikuwa juu kabisa, aliketi chini kabla ya nusu ya njia. Mimi nilifika wa kwanza.

Kocha akatukusanya. "Nilimwita Douce mvivu mbele yenu, basi namwomba msamaha mbele yenu. Nilisema mashine haina ndugu. Ni kweli, lakini haina macho pia. Macho ninayo mimi, na sikuyatumia. Mwenye kuhukumu achunguze kwanza. Nawe Mulenda, sifa ya kuazima haikimbii."

Kisha akanikabidhi fulana ya mashindano ya Lilongwe.

Mama Balagizi alikuwa anageuza maandazi yake, akisikia kila neno. "Huyu mutoto anapita hapa kila siku," akasema. "Mungeniuliza tu."