Gamba Chini ya Kioo

Hakuwa na nyusi. Hakuwa na kucha tatu, hakuwa na usingizi, wala kioo, maana alikigeuzia ukutani. Joto nalo lilimkimbia: jua la saa saba lilimkuta ndani ya blanketi mbili, mwekundu kama aliyemwagiwa maji ya moto, ngozi ikimbanduka toka utosini hadi nyayoni.

Kila asubuhi dada yake alifagia magamba yale akayatoa nje. Fundi saa aliusikiliza ufagio, akahisi anazikwa kidogo kidogo huku anasikia.

"Mchumba wako yuko mlangoni," dada alisema.

"Mwambie sipo."

"Mwambie mwenyewe. Uongo wako umenichosha kuliko kufagia."

Miezi mitatu nyuma alimtumia mchumba huyo, mshonaji wa nguo, meseji moja: "Nimebadili mawazo. Usinitafute." Tangu hapo simu iliwaka na kuzima mezani, kama jicho la maiti lisilokubali kufumbwa. Hakuijibu.

"Fundi," sauti ilipenya mlangoni. "Saa ya marehemu mama yangu imesimama."

Aliikumbuka. Ndiyo saa ya mwisho aliyoitengeneza kabla ya kufunga duka.

"Nimeipeleka kwa fundi mwenzako wa sokoni. Kaifungua, kakuta gamba la ngozi chini ya kioo."

Yeye, aliyekuwa akipuliza kila kigurudumu cha saa mara tatu kuondoa vumbi, alijifunika uso.

"Nisamehe. Ugonjwa ulikuwa umeanza. Nenda zako. Utaona kitu usichoweza kukisahau."

"Dada yako kasema hauambukizi."

"Hauambukizi. Unatisha."

"Kwani nilikupendea nyusi?"

"Hata zilipokuwepo zilikuwa za kuhesabu," dada alidakia toka jikoni.

"Yule fundi alitaka kulipuliza gamba," mshonaji aliendelea. "Nikamkataza."

"Kwa nini?"

"Miezi mitatu, ndiyo barua pekee niliyoipata kutoka kwako."

Fundi aliusogelea mlango.

"Niandikie ya pili. Kwa mkono wako, si meseji. Ukisema hunitaka nitaamini, na sitarudi tena."

Viatu vyake vikashuka ngazi.

Fundi akaandika, vidole vimepasuka: "Sikubadili mawazo. Ngozi ndiyo iliyobadilika. Njoo kesho mchana, pazia nitalifungua."

Magamba mawili yakadondoka juu ya wino. Akaiinua karatasi aikung'ute, kama alivyozoea kukung'uta kila kitu. Mkono ukasita. Akaikunja na magamba yake ndani, akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika.

"Dada, acha ufagio. Mpelekee hii."

Dada akauegemeza ufagio ukutani, akatoka na bahasha.