Tumbili wa Mfadhili

Siku hiyo mjinga alikuwa Nyegere, askari wa wanyamapori. Tuseme mapema, tusimwonee haya.

Alilifukuza lori tangu bandarini, Hilux ikilia kama imefiwa, bastola ya Glock kiunoni, redio ya Motorola ikikoroma kifuani. Akalipita darajani. Akalizibia njia. Akamshusha dereva mikono juu, akapasua turubai.

Viti.

Viti vya plastiki vya sherehe ya chuo kikuu, ya kumshukuru mfadhili.

"Kituo, hapa Nyegere. Hakuna tumbili."

"Kuna nini?"

"Viti."

"Basi kaa."

Tumbili wenyewe, waliotegwa msituni kinyume cha sheria, walikuwa wameshaingia chuoni kwa lango kuu, nyuma ya gari la mfadhili, walinzi wakipiga saluti. Asubuhi hiyo kamati ya maadili ya utafiti ilikuwa ikiamua kama dawa ya mfadhili ijaribiwe kwao. Ikikubali, watapasuliwa, na ushahidi utapasuliwa nao.

"Nimkamate mfadhili?" Nyegere aliuliza, mguu umekandamiza pedali ya mafuta.

"Kwa kosa gani, ukarimu? Lete ushahidi. Bila hivyo usimguse hata koti."

Nyegere aliupiga usukani ngumi. Usukani haukuwa na kosa.

Maabarani alimkuta shangazi yake, daktari wa wanyama wa chuo, ambaye pia ndiye mjumbe pekee wa kamati aliyekuwa bado anapinga. Amesimama na mabuti ya mpira mbele ya mlango uliofungwa, uso umekunjamana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nilisikia umekamata viti."

"Habari zinakimbia."

"Kuliko wewe." Akashusha pumzi. "Mkuu wa chuo kaniambia nikipinga leo, kesho nisije kazini. Wenzangu wote wamelainika. Wameonyeshwa ramani ya jengo jipya la mfadhili, kila mmoja na ofisi yake. Wanasema tumbili wamezaliwa bandani. Nikiomba niwapime, naambiwa mpaka kamati ipitishe. Sasa kamati inapitisha nini, kama hakuna aliyewaona?"

Nyegere alitoa kifaa kidogo kama kiberiti, akakibandika kwenye kufuli ya namba. Taa nyekundu. Kijani.

Mlango ukafunguka.

Shangazi alimchoma tumbili mmoja sindano ya usingizi, akangoja, akampanua midomo. "Mzee. Meno yamechakaa." Akatenganisha manyoya ya kifua. "Wa bandani huchorwa namba wangali wachanga. Wakikua, wino hutanuka na kufifia. Huyu je?"

Namba ilikuwa nyeusi tititi. Ngozi imevimba. Gamba la kidonda halijabanduka.

"Wamemchora juzi," Nyegere alisema.

"Na haraka haraka. Wametaka kumpa babu cheti cha kuzaliwa."

"Mwekeni chini."

Mlinzi wa mfadhili. Bastola mkononi.

Alipiga hatua moja ndani, mguu ukatua kwenye karai la dawa ya kuua vijidudu vya viatu, karai likateleza naye. Nyegere alimdaka shingo kabla hajafika sakafuni, akampokonya bastola, akamlaza taratibu.

"Mabuti yana maana yake," shangazi alisema, akimfunga tumbili ndani ya koti lake jeupe.

Chumba cha kamati kilinukia kahawa. Mfadhili alikaa kando ya mkuu wa chuo, ingawa si mjumbe. Mikono ilikuwa imeanza kunyanyuka kupitisha.

Shangazi alimlaza tumbili mezani, katikati ya vikombe.

"Mmeombwa muamue juu ya huyu. Mtazameni kwanza."

Profesa mmoja alivaa miwani, akagusa kifua kile. Ncha ya kidole ikatoka na damu.

Akashusha mkono wake. Jirani yake akashusha. Ikashuka yote.

"Tumekataa," profesa alisema, bila kumtazama mfadhili.

Nyegere alibonyeza Motorola. "Kituo, sasa ninaye."

"Hakikisha si kiti."

Pingu zikalia mikononi mwa mfadhili. Mkuu wa chuo alisimama, amelowa jasho. "Daktari, unajua umefanya nini? Jengo limekwenda! Tumekosa kila kitu!"

Nyegere alikwishamgeuza mtu wake kuelekea mlangoni, mkono mmoja mfukoni, bila haraka. Mfadhili aligoma kizingitini, akageuka kumtazama shangazi.

"Mama, mimi ndiye niliyewajengea haya yote. Nikiondoka mimi, hapa patabaki nini?"

Shangazi alikuwa anamfunika tumbili asipate baridi.

"Chuo."