Mikaratusi ya Mzee Nyangau

Kila asubuhi Mong'ina alishuka bondeni kuteka maji. Siku hizi chemchemi ilidondoka tu. Aliweza kuweka mtungi, akachuma mboga, akarudi, na mtungi haujafika nusu.

"Baba Ratemo, hii chemchemi inakufa," alimwambia mumewe.

"Itakufaje na nimeizungushia miti?" Nyangau akajibu. Aliipenda mikaratusi yake kuliko ng'ombe. Alisikia zamani kwamba miti huleta maji, naye hakutaka kusikia zaidi.

Ndipo akaja Nyakerario, afisa wa maji wa kaunti. Hakubishana naye. "Mzee, twende mjini Keroka nikuonyeshe maji yako yanakofika."

Nyangau alicheka. Lakini walifuata bomba la kaunti, ambalo hakuwahi kujiuliza linakwenda wapi, kutoka chemchemini hadi kwenye tangi la kaunti, mahali maji huchujwa na kutiwa dawa kabla ya kwenda mjini. Tangi lilikuwa karibu tupu. Mjini wakaingia hoteli ya chakula ya mama aitwaye Fardosa. Fardosa akafungua mfereji. Ukatoa hewa tu.

"Maji ikikosa hivi, nitafunga hoteli," alisema.

Nyangau akainama kuutazama mfereji. Mji mzima unakunywa kwake, naye hajui!

"Nani anakula hiyo maji?" aliuliza.

"Mikaratusi yako, Mzee," Nyakerario akasema kwa upole. "Hunywa sana, na mizizi yake huenda mbali. Si kila mti ni rafiki wa chemchemi. Ukiikata, miti iliyokatwa ni yako. Kaunti italeta miche ya mianzi na miti ya kienyeji, tuipande pale, kisha tuweke ua ng'ombe wasikanyage."

Njiani kurudi, Nyangau aliihesabu miti yake kichwani. Miti ile aliikuza kwa ajili ya nyumba ya mwanawe Ratemo, na bado ilikuwa myembamba. Ilimuuma. Hata hivyo, alipofika nyumbani alichukua shoka.

Mikaratusi ikaanguka, miche ikapandwa. Mvua zikaja, zikapita. Kiangazi kilipoingia, Mong'ina alishuka bondeni, akasimama akishangaa. Maji yalikuwa yakibubujika, na mtungi ulijaa kabla hajakunja kanga ya kutia kichwani.

Jumapili mume na mke wakaenda Keroka. Fardosa aliwaona, akafungua mfereji. Maji yakamwagika kwa nguvu.

Nyangau akavua kofia, kama mtu anayeingia kanisani. Akatia mkono ndani ya maji.

"Mama Ratemo, gusa," alisema polepole. "Ni ile yetu."

Mong'ina akagusa. Fardosa alisimama kando na sufuria yake, akawangoja.