Kabla Hawajavuka Jiwe la Maili

Numisia na mumewe, Vibio, walikuwa wakikamua nguo za sufu walizofua. Wakaingia askari wawili wa konsuli, mtawala wa Roma mwaka ule.

"Vibio! Twende vitani."

"Nimepigana misimu mitatu mfululizo," Vibio akasema. "Zamu si yangu."

"Ya nani, basi? Ya mkeo?" Wakacheka.

Damu ilimchemka Numisia. Zamu ilikuwa ya mwana wa tajiri, aliyekuwa akinywa divai kivulini mtaa wa juu. Vibio alipokataa kwenda, walimfunga mikono, wakamburuta kuelekea lango la mji. Kambini angepigwa viboko.

Numisia akanyakua gongo. Jirani yake Trebia, muuza vitunguu, akamdaka mkono.

"Watakuua bure, mwanangu! Tumwite tribuni."

"Aa, mama! Wakubwa wote lao moja!"

"Huyu tumemchagua sisi makabwela. Akisema 'Nakataza', hata konsuli hunywea. Atakayemgusa, tumeapa kumuua."

"Basi amtume mtu na neno lake."

"Neno la kutumwa halifai. Lazima afike mwenyewe. Na wakishavuka jiwe la maili moja nje ya lango, nguvu zake zimekwisha. Mlango wake haufungwi, ni sheria. Mimi namfuata. Wewe wacheleweshe!"

Numisia alisukuma mkokoteni wa nguo mbichi mbio kwa njia ya mkato, akaupindua katikati ya lango.

"Ondoa uchafu wako, mama!" askari wakafoka walipofika.

"Ondoa mwenyewe! Mikono ya kumfunga mume wangu unayo!"

Wakamsukuma, akaanguka. Akainuka, akalala juu ya lile rundo. Nyuma, watu na punda wakasongamana. Watu wakaanza kuwazomea askari.

Tribuni akafika akitweta, bila hata mlinzi mmoja. Akasimama mbele ya Vibio.

"Nakataza. Mtu huyu yuko chini ya ulinzi wangu."

Askari mmoja akainua fimbo. Watu wakasogea karibu.

"Piga," tribuni akasema. "Kisha uwatazame hawa."

Fimbo ikashuka taratibu. Kamba zikafunguliwa.

Msimu ule mwana wa tajiri ndiye aliyekwenda vitani. Hata hivyo, hasira ya Numisia haikupoa. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaonyesha wanawake mlango wa tribuni. Mwezi uliofuata askari walimkamata mfinyanzi mmoja. Hawakumaliza hata mtaa. Walimkuta tribuni amesimama barabarani, na nyuma yake wanawake arobaini.