Mwanne Hakuwa Mwali Tena

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumatatu tarehe 23 Agosti 1954, Mwamini alilitua debe la pili la maji nyuma ya nyumba yao. Alimimina maji mtungini, kisha akaketi juu ya gogo apumzike. Debe la tatu lilikuwa bado mtoni. Ua ulikuwa haujafagiwa, na muhogo wa chakula cha mchana ulikuwa haujamenywa. Kengele ya shule ingelia saa moja na nusu, na kutoka nyumbani hadi shuleni ulikuwa mwendo wa dakika arobaini.

Mwamini alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alisoma darasa la nne. Kijiji chao kilikuwa karibu na mto Ruvu, upande wa chini wa reli. Baba yake, Mzee Mwinyijuma, alilima mpunga bondeni, na mama yake, Bi Mboni, alishinda huko pamoja naye. Mpaka mwezi wa Juni kazi za nyumbani hazikumlemea Mwamini. Zilimlemea baada ya dada yake kurudi.

Dada yake aliitwa Mwanne. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mwaka uliopita aliolewa Kisarawe na fundi cherehani aitwaye Isihaka. Alipopata mimba ya kwanza, Isihaka alimleta kwa wazazi wa mkewe, kwa kuwa kwa desturi ya watu wa huko mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mke. Siku aliyofika, Mwanne aliwachekesha wote. Lori walilokuja nalo lilikwama mara tatu njiani, na kila mara dereva aliwataka abiria washuke wasukume. Mwanne alimwambia dereva kwamba yeye tayari amebeba abiria mmoja bila nauli, kwa hiyo asimuongezee na lori.

Bi Mboni hakucheka sana. Mwezi wa Mei, wakati wa masika, jirani yao Mwanamkuu alianguka mtoni akapoteza mimba ya miezi saba. Bi Mboni ndiye aliyemfulia nguo zake. Tangu siku hiyo alikuwa na hofu, na Mwanne alipofika, mama yake alitafuta njia ya kumlinda.

Njia aliyoijua ilikuwa moja. Binti akivunja ungo huwekwa ndani, huitwa mwali. Hafanyi kazi, haonekani na wageni, hulishwa vizuri kwa miezi mingi, mpaka siku ya kuchezwa ngoma na kutolewa nje. Mwanne mwenyewe alikaa ndani miezi saba, akatoka amenawiri, na wanawake wa kijiji wakamsifu Bi Mboni kwa kumtunza. Basi Bi Mboni alizichukua sheria zile zile akazitumia kwa binti mjamzito. Mwanne asitoke nje ila kwa haja. Asishike mchi, jembe wala ufagio. Asikae na wenzake kusuka ukili wa mikeka, maana macho ya watu ni mengi. Ale, alale, angoje siku yake.

Kazi zote ambazo Mwanne alikatazwa zilimwangukia Mwamini. Kwa wiki nane aliamka kabla ya adhana, na kwa wiki nane alifika shuleni amechelewa. Mwalimu Pazi aliacha kumuuliza sababu. Alimwonyesha tu mahali pa kusimama kwa adhabu. Mara mbili Mwamini alisinzia wakati wa hesabu. Moyoni alimlaumu dada yake, na siku moja alimwambia wazi.

“Dada, hata kuchambua mchele, mimba iko vidoleni?”

Mwanne alicheka kidogo. Alijibu kwamba akionekana na ungo, mama atamfunga mikono kwa kanga. Kisha aligeukia ukutani.

Jumatano tarehe 25 Agosti alikuja Bi Swaumu, mkunga aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam. Alipita kijijini kwa baiskeli kila baada ya wiki mbili, akawapima wanawake wajawazito barazani kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Kwanza alipita shuleni kuwauliza wanafunzi kama nyumbani kwao kuna mjamzito. Bi Mboni alikuwa amekwisha kumwagiza Mwamini jibu. Kupimwa ni kutoka ndani, na kutoka ndani hakutaki.

“Nilisikia dada yako yuko hapa,” Bi Swaumu alisema.

“Amerudi Kisarawe,” Mwamini alijibu.

Bi Swaumu alifungua daftari lake, akapiga mstari juu ya jina, akaenda kwa mwanafunzi mwingine. Jambo lile lilichukua muda mfupi kuliko kuvua kiatu.

Alasiri Mwamini alimpelekea dada yake uji. Mwanne alitaka kuinuka kupokea bakuli. Aliinuka, akashika nguzo, akarudi kukaa. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima, na kutoka kitandani hadi mlangoni hazikufika hatua sita. Mwamini alitazama miguu ya dada yake. Vifundo vya miguu havikuonekana kwa uvimbe. Alibonyeza kwa kidole juu ya mguu, na alama ya kidole ikabaki.

Ndipo Mwanne alipoeleza. Alikuwa na siku nne hajapata choo. Mgongo ulimuuma. Mchana hakuwa na la kufanya ila kulala, kwa hiyo usiku usingizi haukuja. Hakukumbuka ni lini alizungumza na mtu asiyekuwa wa nyumba ile.

“Unadhani mimi nastarehe,” alisema. “Wewe umechoka kwa kazi, mimi nimechoka kwa kulala. Afadhali uchovu wako, ukilala unakwisha. Mimi nikisimama tu magoti yanagoma. Sasa niambie, nguvu ya kuzaa nitaitoa wapi?”

Mwamini aliliweka bakuli sakafuni. Alijua mtu ambaye angekuwa na jibu, na alijua kwamba asubuhi ile ile amemdanganya mtu huyo. Alihesabu siku. Mkunga angerudi baada ya siku kumi na nne.

Katika siku hizo mambo mawili yalimsumbua. Akisema kweli, atakuwa amevunja amri ya mama yake. Akinyamaza, dada yake ataufikia uchungu wa kuzaa akiwa hawezi hata kusimama. Kila jioni aliitazama miguu ya Mwanne. Haikupungua.

Jumatano tarehe 8 Septemba alikwenda barazani kwa jumbe kabla ya kwenda shuleni. Bi Swaumu alikuwa anaifungua mizigo ya baiskeli.

“Shikamoo.”

“Marahaba.”

“Siku ile nilikudanganya. Dada yangu yupo, yuko ndani. Miguu imevimba na hawezi kutembea.”

Bi Swaumu hakumkaripia. Aliuliza mimba ni ya miezi mingapi, na kama uso na mikono pia imevimba. Mwamini alijibu kwamba mimba ni ya miezi minane, na kwamba aliona uvimbe miguuni tu. Bi Swaumu aliifunga tena mizigo, akamwambia aongoze njia.

Bi Mboni alikuwa bado hajaondoka kwenda bondeni. Alipomwona mkunga alimkaribisha kwa heshima, akamtolea kiti, kisha akamtazama Mwamini kwa jicho ambalo halikuhitaji maneno. Bi Swaumu aliomba amwone mgonjwa. Bi Mboni alisema hakuna mgonjwa, kuna mjamzito. Bi Swaumu alisema ni kweli, na hiyo ndiyo sababu anataka kumwona.

Alimpima Mwanne kwa muda wa nusu saa. Alimfunga mkanda mkononi akapima shinikizo la damu. Alichemsha mkojo kidogo katika kichupa juu ya taa ya spiriti. Haukuingia ukungu, ambao ungekuwa dalili ya ugonjwa. Aliweka kipembe cha mbao juu ya tumbo, akasikiliza huku akitazama saa yake. Kisha alimwita Bi Mboni aje asikilize mwenyewe. Bi Mboni aliinama, sikio lake kwenye kipembe, akakaa hivyo muda mrefu.

“Mtoto mzima,” Bi Swaumu alisema. “Damu nzuri, mkojo safi. Ugonjwa sikuuona. Nilichokiona ni mtu aliyekaa miezi miwili bila kutembea.”

Bi Mboni alisema polepole kwamba Mwanamkuu alitembea, na kila mtu aliona yaliyompata.

“Mwanamkuu nilimtibu mimi, Mama Mwanne. Alikuwa na debe lililojaa kichwani, kwenye utelezi, mvua inanyesha. Kilichomwangusha ni debe na utelezi. Kutembea hakukumwangusha.”

“Huyu nilimweka ndani alipokuwa mwali, akatoka amenawiri.”

“Mwali alikuwa anangojea ngoma. Huyu anangojea kazi, tena kazi nzito kuliko kulima. Nani kati yetu hujitayarisha kulima kwa kulala miezi miwili?”

Bi Mboni aliitazama miguu ya binti yake. Bi Swaumu alieleza yanayofaa, na Mwamini akayashika moja moja. Mwanne atembee asubuhi na jioni, aanze kidogo, aongeze kila siku. Akichoka apumzike na miguu aiinue. Anywe maji, ale mboga na matunda, wala si wali mtupu. Afanye kazi nyepesi. Asibebe debe, asitwange, asipite penye utelezi. Akae na wenzake, asuke, aende arusini, acheke. Mtu mwenye furaha hupata usingizi. Lakini uso au mikono ikivimba, kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, mtoto akipunguza kucheza au damu ikitoka, wasingoje Jumatano. Waende zahanati siku hiyo hiyo.

Mkunga alipoondoka, Mwamini alingoja kuadhibiwa. Mama yake alifunga kanga kiunoni, akachukua jembe, akaenda bondeni. Mwamini alifika shuleni saa nne, akasimama mahali pake.

Jioni ile Mwanne alitoka nje, na mama yake hakumzuia. Alikwenda hadi mnazi wa kwanza, akaushika, akarudi ametoka jasho. Kesho yake alifika mnazi wa pili. Hakuna kilichobadilika kwa haraka. Wiki nzima aliumwa viungo, akalalamika kwamba mtoto amekuwa mzito kuliko baba yake. Katika wiki ya pili alifika relini na kurudi. Uvimbe ulikuwepo bado jioni, lakini asubuhi vifundo vya miguu vilionekana. Choo alikipata. Usiku alilala.

Nyumbani alianza kumenya muhogo akiwa ameketi, akachambua mchele na kuwasha moto. Maji na kutwanga vilibaki kwa Mwamini na mama yake, wakipokezana. Mwamini alikuwa bado amechoka, maana mto haukusogea karibu, lakini Jumatatu tarehe 27 Septemba alifika shuleni kabla ya kengele.

Mwisho wa mwezi kulikuwa na arusi kwa jirani. Wanawake walikusanyika kusuka mikeka ya bibi arusi, naye Mwanne alikwenda na kifungu chake cha ukili. Mmoja alimtania kwamba tumbo lile limeingia mlangoni kabla ya mwenyewe. Mwanne alimjibu kwamba limetangulia kushika nafasi, maana anawajua wao kwa kuketi mkekani na kutanua miguu. Walicheka sana. Bi Mboni alikuwa pembeni akichagua ukili. Alitazama macho ya watu yaliyokuwa juu ya binti yake, akaendelea kuchagua.

Ijumaa tarehe 15 Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi, Mwanne alisema kwamba uchungu umeanza. Mzee Mwinyijuma aliazima baiskeli akaenda kumwita mkunga. Bi Mboni hakumlaza binti yake. Alimshika mkono wa kulia, Mwamini akashika wa kushoto, wakaizunguka nyumba taratibu. Uchungu ukija walisimama, Mwanne akaegemea ukuta, ukipita waliendelea.

“Mama, leo unanitembeza kama mbuzi wa mnada,” Mwanne alisema katika mzunguko wa kumi na moja.

“Tembea,” mama yake alisema.

Waliposimama tena, Mwanne akiwa ameegemea ukuta, Bi Mboni alizungumza. Hakumtazama Mwamini, lakini maneno yalikuwa ya kumwambia yeye.

“Uongo ule ulikuwa wangu, nikautia kinywani mwako. Mzazi hamfundishi mwanawe hivyo. Na nilifanya kosa la pili. Nilimwogopea mwanangu, nikadhani hofu ndiyo matunzo. Matunzo ni kuuliza anayejua, kisha kufanya alivyosema. Ukiwa na mimba, Mwamini, usikubali kufungiwa, hata na mimi.”

Mwamini aliitikia. Uchungu ulipita, wakaendelea na mzunguko.

Bi Swaumu alifika saa nne, akampima Mwanne, akasema waendelee kutembea mpaka atakaposema basi. Alisema basi saa nane mchana. Mwamini aliachwa nje kutunza moto na maji ya moto. Aliongeza kuni mara tatu. Kutoka ndani alisikia sauti ya mkunga ikihesabu, na sauti ya dada yake, iliyochoka lakini isiyokatika.

Saa kumi na dakika ishirini alasiri mtoto wa kike alizaliwa. Alikuwa na uzito wa ratili sita na nusu, karibu kilo tatu. Alilia kabla hajafutwa, na Mwanne, mzima, akanyoosha mikono kumpokea.