Fundo la Kukamulia

Kila asubuhi Anyesi alichukua kibuyu chake akaenda zizini kukamua. Mumewe, Elieza, alikuwa tayari amemfunga ng'ombe miguu ya nyuma. Ng'ombe huyo alikuwa mwekundu na mkorofi. Alipenda kupiga kibuyu teke kuliko alivyopenda majani.

Elieza hakumwogopa. Alizungusha kamba, akavuta, fundo likakaa. Ng'ombe aliporusha teke, fundo lilizidi kubana. Maziwa yalipokwisha, Elieza alivuta ncha ya kamba mara moja tu, na fundo lote likafunguka.

"Fundo hili ni la babu yangu," alisema. "Katika Ugogo wote hakuna mkono mwepesi kama wetu."

Anyesi alitabasamu. Maneno hayo alikuwa akiyasikia tangu alipoolewa.

Mtoto wao, Yoramu, alirithi mkono huo. Alikuwa kijana mrefu, mwenye haraka katika kila jambo isipokuwa kuamka.

Siku hizo Wadachi, yaani Wajerumani, ndio waliotawala. Reli yao ilikuwa imepita Dodoma, ikielekea Kigoma. Watu walisema huko ziwani zitakuja meli, na meli zitataka mabaharia. Basi Serahangi Bashiri akaomba ruhusa bomani akusanye vijana awafundishe. Mtu huyu alikuwa mkuu wa mabaharia katika meli za pwani kwa miaka mingi, kisha akaja bara kufanya kazi ya reli.

Kila jioni vijana walikutana kwenye korongo kavu. Walisimama mstari. Walipiga makasia mchangani. Walijifunza ishara za bendera na kufunga kamba. Watu walikuja kuwatazama na kuwacheka.

"Mabaharia wa vumbi hao!" walisema.

Serahangi naye alicheka. "Anayeijua kazi kwenye vumbi, maji hayatamshangaza," alijibu.

Kijana aliyefaulu jaribio alifungwa utepe wa buluu mkononi, akaitwa baharia. Asiye na utepe asingekwenda Kigoma. Yoramu aliutaka utepe huo kuliko chakula, na Yoramu alipenda chakula sana.

Siku ya jaribio, kila kijana alitakiwa kumfunga mwenzake kamba kifuani, chini ya makwapa, halafu wenzake wamvute mpaka juu ya ukingo wa korongo. Yoramu alimfunga Halfani, kijana wa Kondoa. Alimaliza wa kwanza. Wengine walikuwa bado wanahangaika na kamba zao.

"Vuteni!" akasema Yoramu kwa furaha.

Wakavuta. Halfani akapiga kelele. "Mbavu zangu! Acheni! Sipumui!"

Serahangi akailegeza kamba haraka. Alilitazama fundo, akamtazama Yoramu. "Mwanangu, utarudia baada ya mvua," akasema. "Leo hupati utepe."

Yoramu alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Anyesi alimwona, na roho ikamuuma. Elieza aliposikia habari hiyo, akawaka.

"Mtu wa pwani atufundishe sisi kufunga kamba? Sisi tuliozaliwa zizini?"

Kesho yake jioni Serahangi alikuja mwenyewe.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Serahangi," akasema Anyesi. Alimwekea kigoda na kumpa maziwa. Elieza alimsalimia kwa ubaridi, akatazama pembeni.

"Mzee Elieza, sikuja kugombana," akasema Serahangi. "Nimeliona fundo lako. Ni fundo zuri. Lakini babu yako alilitunga kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe unataka abanwe. Mtu unataka apumue."

Elieza aliendelea kutazama pembeni.

"Tena ukivuta ncha, linafunguka. Zizini ni faida. Kwenye maji ni msiba."

Serahangi akachukua kamba, akamwita Yoramu. "Tazama polepole. Tengeneza duara dogo kwenye kamba. Ncha ipande kupitia duara. Izunguke nyuma ya kamba ndefu. Irudi chini kupitia duara lile lile. Sasa kaza."

Kikatokea kitanzi kikubwa. Serahangi alikivaa chini ya makwapa, akamwambia Yoramu avute kwa nguvu zote. Yoramu akavuta mpaka jasho likamtoka. Kitanzi hakikubana wala hakikufunguka.

"Na jambo la pili," akasema Serahangi. "Mtu akichukuliwa na maji, usijitose kumfuata. Mtupie kamba. Ukijitosa, watu wa kuokolewa watakuwa wawili."

Anyesi alikuwa akisonga ugali wa uwele, lakini masikio yake yote yalikuwa kwa mgeni. Elieza akasema tu, "Fundo la taratibu hilo. Ng'ombe angekwisha kwenda zake."

Serahangi alimwachia Yoramu kamba ndefu ya kujifunzia. Kijana alifunga na kufungua kila siku. Akili ilikuwa imeelewa, lakini mkono ulikataa. Akiharakisha kidogo tu, fundo la kukamulia linatokea lenyewe. Mazoea yana taabu.

"Mama, nitashindwa tena," alisema siku moja.

"Basi punguza haraka," akasema Anyesi. "Nani anakufukuza?"

Mwezi wa mvua ulikaribia. Anyesi na jirani yake Priska walikwenda korongoni kuchota maji. Katikati ya mchanga kulikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa kwa mikono. Anyesi aliingia ndani kuchota. Juu yao jua lilikuwa kali, lakini mbali, upande wa milimani, wingu jeusi lilikuwa limetanda. Hakuna aliyelijali.

Ghafla Priska akapiga kelele. "Toka! Maji yanakuja!"

Anyesi alipotoka kisimani, maji mekundu yalikuwa yamekwisha kufika, yamebeba miti. Priska alifika ukingoni. Anyesi hakuwahi. Alipanda juu ya mwamba uliokuwa katikati, na maji yakapanda pamoja naye. Yakamfika magotini. Aliogopa sana, akamwita Mungu, akamwita mumewe, akamwita mwanawe.

Kwa kelele za Priska, Elieza na Yoramu walifika mbio, Yoramu amebeba ile kamba ndefu ya kujifunzia. Elieza alitaka kujitosa.

"Baba, usiingie!" Yoramu alimshika mkono. "Ukiingia nitawapoteza wote wawili. Shika mwisho wa kamba, uzungushe kwenye mgunga ule."

Elieza akazungusha kamba kwenye mti. Kutoka pale mwambani Anyesi alimwona mwanawe akishika ncha nyingine. Mikono yake ilikwenda haraka, fundo likatokea mara moja.

"Tupa!" Elieza akalia. "Tupa, mama yako anakufa!"

Lakini Yoramu hakutupa. Alilitazama fundo, kisha akalifungua.

Anyesi hakuamini macho yake. Maji yalikuwa kiunoni, na mwanawe anaanza upya! Alitaka kumtukana. Halafu aliona midomo ya Yoramu ikicheza, kama mtu anayehesabu, na akayajua maneno yale. Ncha ipande. Izunguke nyuma. Irudi chini. Kaza.

Kamba ikaruka, ikaanguka juu ya bega lake.

"Mama, vaa chini ya makwapa! Shika kamba!"

Akavaa. Maji yakamng'oa mwambani. Yalimzamisha, yakamgeuza, lakini kamba ilimvuta kuelekea ukingoni. Kitanzi hakikumbana. Kila kichwa kilipotoka majini, alivuta pumzi. Mwisho alihisi mikono ya Elieza ikimkamata. Elieza alilia mbele ya watu wote, wala hakuona haya.

Baada ya mvua, jaribio lilirudiwa. Watu walidhani Serahangi atampa Yoramu utepe bila kumjaribu. Serahangi akakataa. "Utepe haugawiwi kama pole. Afunge kama wenzake. Nani atavutwa?"

Vijana wakatazamana. Halfani akajishika mbavu.

"Mimi," akasema Anyesi.

"Mama Yoramu, watu wanatazama!" akanong'ona Elieza.

"Waache watazame. Wewe nenda ukavute."

Yoramu alifunga taratibu. Alimaliza wa mwisho kabisa. Elieza na vijana wakavuta, Anyesi akapanda mpaka juu ya ukingo. Akasimama, akatia mikono yake yote miwili kati ya kamba na kifua.

"Napumua," akasema.

Serahangi akamfunga Yoramu utepe wa buluu. Mwezi uliofuata kijana alipanda gari moshi kwenda Kigoma, akiwa baharia pamoja na wenzake.

Sasa pale kisimani, kamba yenye kitanzi tayari inaning'inia kwenye mgunga. Mmoja anapochota, mwingine hukaa ukingoni kutazama milimani. Wakiona wingu huko, hakuna anayeshuka, hata jua likiwa kali.

Zizini, ng'ombe mwekundu bado anarusha teke, na Elieza bado anamfunga kwa fundo la kukamulia. Ila siku hizi anajisifu kwa mafundo mawili: la babu yake, na la mwanawe.